Sifuri Kabla ya Nukta

...na sasa amerudi kwenye sifuri ileile, jamani, ukurasa uleule, kidole kilekile, Bwana Hirano wa ofisi ya mto amevaa tena miwani na anaanza mstari upya, na Sonoe Kurata anatikisa kichwa kwa heshima huku moyoni anamwambia ni namba ileile, mzee, nukta tano na sifuri nukta tano ni kitu kimoja, kompaila ya kompyuta yenu ya zamani ilikuwa haiandiki sifuri kabla ya nukta kwa kubana nafasi, na kitafsiri kilichoigeuza programu yenu ya vipimo vya maji kuwa ya lugha mpya ya kompyuta kinaiandika, basi, kuna nini hapo cha kuumiza kichwa...

"Hapa palikuwa patupu, Kurata-san," anasema Hirano. "Sasa pana sifuri. Imetoka wapi?"

"Ni desturi ya lugha mpya, Hirano-san. Thamani haijabadilika."

"Najua haijabadilika. Nauliza kwa nini ipo."

...kwa nini ipo, hata yeye angependa kujua kwa nini yupo, asubuhi nzima katika chumba hiki, chai imepoa, mkataba unasema matokeo yawe kama ya sasa, na kwa Hirano kama ya sasa maana yake hadi nafasi tupu ya mwisho, kila mstari uliotofautiana uandikiwe sababu, ugongwe muhuri wa Sonoe, na wa Tabuchi, na wa Hirano, kidole gumba kimekuwa chekundu kwa wino, na bunda bado nene, amechoka, amechoka hadi kwenye meno, na heri Tabuchi, mkuu wake, amekohoa sasa na anaeleza kwa unyenyekevu kwamba ametengeneza chujio, linalinganisha tarakimu tu, linaruka sifuri za mbele na nafasi na mistari yenye nyota na mapambo mengine, na likishachuja hakuna tofauti hata moja katika kurasa zote, hata moja, anarudia, na Sonoe angempigia makofi, maliza, mkuu, tutoke, Jumapili aende mtoni na Mitsuhiro, mume wake huyo asiyejua kompaila wala mkataba, anayesimama majini hadi mapajani na fimbo yake ndefu akingoja samaki wa ayu, kiangazi hiki mto umekauka mpaka mawe yanang'aa, umeshuka chini ya alama ya sifuri, kidogo tu, haujawahi kushuka mita nzima... chini ya alama... nyota, amesema nyota.

Nyota si pambo. Programu inaweka nyota namba isipoenea kwenye nafasi zake nne, na kitafsiri, kwa utiifu wake, kimefundishwa kufanya vivyo hivyo, sasa maji yakiwa chini ya sifuri, alama ya kutoa, nukta, tatu, tano, hizo ni nne, zilienea, ongeza sifuri ni tano, hazienei, nyota tupu, mstari mzima, na zamani zilitoka lini, zilitoka maji yakipita mita kumi, mafuriko tu, mzee Yasuda, mlinzi wa lango la maji la juu ya mto, aliwaambia majira ya kuchipua, akiwamiminia chai na kuwasogezea kachumbari ya biringanya, nyota zikitoka mimi simpigii mtu simu, nafungua milango yote, akacheka, na Tabuchi naye alicheka, alikuwepo, alikula biringanya, na sasa mto ukikauka karatasi itasema umefurika, na Yasuda atafungua, na wavuvi wote wamesimama palepale chini, Mitsuhiro na kofia yake ile mbaya...

Hirano anasema vizuri, kama chujio limepita basi atagonga bunda zima kwa pamoja, na Tabuchi anainama, uso umemng'aa, na mkuu hasahihishwi mbele ya mteja, husubiriwa ukumbini, huambiwa kwa upole, kesho, baada ya muhuri, na Sonoe anamwangalia huyu mzee msumbufu aliyemchosha tangu asubuhi na anatamani, kwa hasira ileile, asumbue tena, angalau ukurasa mmoja, lakini mzee ameshavua miwani.

"Hirano-san," anasema Sonoe, na hamtazami Tabuchi, "naomba uendelee kusoma mstari kwa mstari. Hujafika kwenye nyota."