Mume Mwenye Saratani ya Kizazi

Saa kumi na mbili asubuhi Mokami alikuwa amekwisha fua vitambaa tisa vya mgonjwa, bado vitano. Alifulia nyuma ya nyumba, kwenye beseni lenye ufa, kwa maji aliyoyachota jana jioni. Kisimani hakupeleka tena vitambaa vile. Hakuna aliyemkataza. Wanawake walikuwa wakisogeza ndoo zao pembeni kidogo kila alipofika, kidogo tu, kama ndoo zenyewe ndizo zilizokumbuka jambo. Akaona aziache zipumzike.

Heche, mwenye miaka tisa, alikuwa anatafuta soksi ya pili. Agustina alikuwa amemaliza uji wake wa ulezi na sasa anaangalia wa mwenzake. Daudi, mdogo wao, alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelowa. Ng'ombe alikuwa hajakamuliwa na alikuwa anasema hivyo kwa sauti.

"Mama Heche," mgonjwa aliita kutoka ndani. "Nimeamka, au nimekufa na hapa ndipo peponi? Kama ni peponi, waambie hawajapiga deki."

"Umeamka, Mama. Nakuja."

Aliyeita ni Wegesa, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, naye ndiye mume wa Mokami. Asiyejua mambo ya Wakurya asiweke kitabu chini kwanza. Wegesa alizaa na mzee Machage mabinti watatu, wa kiume hakupata, kisha mzee akafa. Mwanamke wa namna hiyo hakai akashika tama mpaka nyumba izimike. Anachukua ng'ombe walioingia kwa mahari ya binti zake, anaoa mke, na mke anaizalia nyumba ile. Huitwa nyumba ntobhu. Ng'ombe kumi na wawili walikwenda Ringwani kwa kina Mokami, Mokami akaja. Mwanaume wa kupata naye watoto alimchagua mwenyewe, na watoto wakachukua jina la mji, yaani boma la Machage. Kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa baba ni Machage, ambaye alipozaliwa Heche alikuwa na miaka sita kaburini. Wapo walio hai na hawawezi hivyo.

Yule mwanaume mwingine alikuwa akija jioni, na tangu asikie neno saratani alikuwa haji tena. Kuhusu yeye hakuna la kusema, wala hakuna fomu yoyote nchini yenye nafasi yake.

Daktari alikuwa ameeleza mambo yote wiki iliyopita. Ni saratani ya shingo ya kizazi, inataka mionzi, na mashine iko Mwanza. Mionzi ni kila siku, wiki tano. Gari la hospitali la kupeleka wagonjwa lingeondoka kesho Jumatano alfajiri. Kupanda gari hilo na kutibiwa bure kama wazee wasio na uwezo, Wegesa alihitaji fomu moja iliyojazwa jina la msindikizaji na kugongwa muhuri wa mtendaji wa kijiji. Ikikosekana leo, nafasi inayofuata ni mwezi wa tatu. Mokami alikuwa ameuliza hadi mwezi wa tatu itakuwaje. Daktari aliitazama kalamu yake.

Wiki tano nyumbani zilikuwa zimepangwa kama mtu anavyopanga kuni zilizolowa mvua: unapanga, unajua hazitawaka. Mama yake Mokami angekuja kutoka Ringwani kukaa na watoto. Alikubali kwa simu, kisha akamwambia binti yake kwamba wenzake wote umri huo wanauguza wanaume. Mokami alikata simu akakaa nayo mkononi. Hakuwa na mwingine wa kumpigia amwambie alichoambiwa.

Alimkamua ng'ombe, akamnywesha Wegesa maziwa, akambadilisha, akamwekea ndoo karibu na kitanda. Wakubwa wakaenda shule.

"Ukinihitaji?" Mokami aliuliza.

"Nitapiga kelele. Mbuzi watakuja."

Bodaboda ilikuwa imepanda bei tangu mafuta yapande, na mafuta yaliposhuka, yenyewe ilisahau kushuka. Akatembea. Kijiji chao hakiko mbali na Nyangoto, na njia inapita kando ya mashimo ya wachimbaji wadogo, mahali ambapo kwa siku hizo ungeona vijana waliovaa fulana za rangi ya machungwa wakivuta kamba za kupimia mashamba ya watu. Saa tatu alikuwa kwenye benchi la ofisi. Mtendaji alifika saa tano, akiwa na mswaki mdomoni.

Jina lake Deus. Alizaliwa nyumba ya nne kutoka kwa Wegesa. Aliichukua fomu, akaisoma polepole, akaupumzisha mswaki juu ya daftari la wageni.

"Msindikizaji ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mgonjwa ni nani kwako?"

"Si unamjua, mtendaji."

"Mimi namjua. Fomu haimjui."

Akamsomea. Fomu ilikuwa na visanduku vitano na mtu anawekewa alama kwenye kimoja: mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu wa damu, jirani.

"Weka hapo mke," Mokami alisema.

Deus alicheka, halafu akautazama mlango kama kuna aliyesikia. "Mume wako anaumwa nini?"

"Si imeandikwa hapo."

"Imeandikwa shingo ya kizazi. Sasa mimi niandike msindikizaji ni mke, mume ana kizazi. Wakiisoma Mwanza wataacha mgonjwa, wataniita mimi nikapimwe."

"Baba yako alishika fimbo siku ng'ombe wanahesabiwa. Na wewe ulikuwepo. Ulikula maini."

"Nilikula," Deus alikubali. "Lakini maini hayana muhuri."

Kisha akashusha sauti, na hapo hakuwa anatania. Sheria inajua ndoa ya mwanamume na mwanamke. Mila anaijua yeye, mkaguzi wa kutoka mjini haijui. Akisoma atadhani mambo mengine kabisa, na atakayeulizwa ni aliyegonga muhuri. Deus alikuwa na watoto wanne na kazi moja. Mokami akamwambia basi aweke mtoto. Deus akakiweka cheti cha kuzaliwa cha Mokami mezani na kumwonyesha jina la mama mzazi, ambalo halikuwa Wegesa. Akamwuliza wale mabinti wa damu wako wapi.

Mokami alikuwa amewapigia wote. Mkubwa yuko ng'ambo ya mpaka wa Sirari na alikuwa na kichanga. Wa pili mumewe alikataa. Wa mwisho, Winfrida, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema ng'ombe waliomuoa Mokami walikuwa wa mahari yake yeye, basi na wafanye kazi waliyonunuliwa.

"Hapo ndipo ulipo ugumu," Deus alisema, na akaonyesha njia iliyobaki. Waitara, mtoto wa kaka yake marehemu Machage, ni mwanaume wa ukoo. Aje asaini kama ndugu wa damu. Mokami atamfuata kama msaidizi. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

Waitara alikuwa mbele ya duka la simu, anacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mokami alisalimia wote, wakaitikia, mchezo ukaendelea. Ulichukua muda, kwa kuwa Waitara hakupenda kushindwa akitazamwa na mwanamke wa ukoo. Aliposhinda alimwita pembeni, siyo mbali sana, umbali ambao wengine wanasikia lakini wanaweza kusema hawakusikia.

Alikubali kusaini. Hata gari angepanda. Ila alisema mambo yanakwenda kwa mpangilio. Wapimaji wa mgodi wako shamba la tatu kutoka la Machage, wiki ijayo watafika, na wanaandika jina la mwenye mji, atakayelipwa fidia. Mwenye mji hawezi kuwa mwanamke aliyelala kitandani Mwanza. Kama yeye ndiye anasimama kwenye karatasi ya hospitali, basi asimame na kwenye ile nyingine. Akaitoa mfukoni. Ilikuwa imekwisha andikwa, imekunjwa vizuri, kama barua ya mtu anayekuja kuposa.

"Wewe weka jina lako hapo chini tu, useme umekubali."

Mokami aliisoma mara mbili. Iliutaja mji, shamba, mipaka yote minne na mkonge wa kwenye kona.

"Heche simwoni."

"Heche ni mtoto wa nani?" Waitara aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

Wacheza drafti walikuwa wanautazama ubao wao kwa bidii sana. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakula nyama siku Mokami anaolewa.

Alisimama na karatasi ile mkononi. Daudi alikuwa amelala mgongoni, mzito. Mokami alifikiria jina lake, ambalo lingemaliza kila kitu kwa dakika moja, na gari la alfajiri, na mwezi wa tatu. Kisha akafikiria usiku wa kwanza huko Mwanza.

"Waitara," alisema, "wodi ya wanawake wewe utalala kitanda gani?"

Mmoja wa wale waliokuwa hawasikii akacheka kwa pua.

"Na kubadilisha mgonjwa," Mokami akaendelea kwa sauti ileile, "utambadilisha kwa mkono upi? Maana huo wa kulia naona una kazi ya kusaini."

Akamrudishia karatasi yake. Nyuma yake alisikia vifuniko vikipangwa upya, na Waitara akimwambia kijana mmoja, mura, achana naye, mwanamke aliyeolewa na mwanamke ana haja gani na akili.

Ofisini alimkuta Deus anafunga dirisha, ana mkutano kata. Alifungua droo tena bila kuulizwa. Hakuuliza Waitara yuko wapi, na hilo lilimwambia Mokami kwamba ile karatasi ya mfukoni Deus alikuwa anaijua.

"Kilichobaki ni kipi?"

"Jirani."

"Jirani anapata nini?"

Deus akasoma maandishi madogo ya chini. Jirani anamfikisha mgonjwa na kumkabidhi. Halali wodini wala kwenye nyumba ya wasindikizaji. Anamwona mgonjwa saa za kuona wagonjwa, mchana na jioni.

"Nani atamfulia?"

"Wauguzi wapo," Deus alisema, akiuambia muhuri.

Nje kuku wa mtu alipita. Mokami alihama bega ambalo kamba ya khanga ilikuwa inamkata. Miaka kumi alikuwa amelala chumba cha pili kutoka kwa Wegesa, amemzalia watoto watatu, na kwa miezi saba sasa alikuwa anaijua miguu ya mgonjwa kuliko yake mwenyewe.

"Weka jirani," alisema.

Deus alitia alama, akaandika na neno lenyewe pembeni kwa wino ili lisije likabishaniwa, akapuliza muhuri, akagonga. Alikuwa na mkono mzuri wa kugonga. Akampa fomu kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu, na alikuwa na adabu kweli.

"Haya, safari njema, shemeji," alisema.

Mokami alimtazama. Deus hakujua amesema nini. Lilikuwa neno alilomwita tangu siku ya maini.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya kilima. Wegesa alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, amekaa kwenye gunia, anamenya mihogo. Mihogo miwili ilikuwa imemchukua mchana mzima. Heche alikuwa amekaa karibu naye kwenye vumbi, anamchorea kitu kwa kijiti.

"Kakubali huyo mtoto, Deus?" Wegesa aliuliza.

"Kakubali. Muhuri huu hapa. Tunaondoka alfajiri."

"Alihangaika kukuandika?"

"Kidogo."

"Kakuandika nani?"

Mokami alikuwa anamfungua Daudi mgongoni. Alichukua muda na fundo, ingawa halikuwa gumu.

"Mke," alisema.

Wegesa alicheka mpaka akashika tumbo, na alipolishika aliacha kucheka. Kisu cha mihogo alikiweka chini. "Kwa muhuri wa serikali?"

"Kwa muhuri."

"Hebu."

Alifuta vidole kwenye gauni kabla ya kuipokea. Shule hakuwahi kuingia, akaishika juu chini, na Mokami akamgeuzia. Macho yake yalitembea juu ya karatasi yote kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye kundi la mbuzi wa watu.

"Wapi?"

Mokami akainama, akaweka kidole kwenye neno jirani. "Hapa."

Wegesa akaweka chake palepale. Kilikaa hapo muda mrefu, kidole chembamba chenye maji ya muhogo, kikilisugua lile neno polepole mpaka wino ukaanza kuchafuka, na Mokami akamwondolea mkono taratibu.

"Ng'ombe kumi na wawili," Wegesa alisema. "Miaka yote hiyo. Na serikali imejua leo."

"Imejua, Mama."

"Sasa huko Mwanza wakikuuliza wewe ni nani, usihangaike kueleza. Waonyeshe."

"Nitawaonyesha."

Wegesa hakumrudishia fomu. Aliikunja mwenyewe mara mbili, akaiingiza ndani ya gauni, kifuani. Mokami akasimama, akaenda mpaka nyuma ya nyumba, akawaambia watoto wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akipiga kelele.