Waliomaliza: Mmoja

1.

TANGAZO

Ofisi ya Mpango wa Michezo ya Jamii na Vipaji inawatangazia wakazi wa kijiji cha Endahari kuwa mbio za kilomita kumi zitafanyika Jumamosi, saa tatu asubuhi. Atakayeshika nafasi ya kwanza atapelekwa kambi ya taifa kwa gharama za Serikali, ilimradi:

(a) hajatimiza umri wa miaka ishirini na minane;

(b) wakazi wasiopungua mia moja na hamsini wa kijiji chake wamekimbia au kutembea hadi mwisho siku hiyohiyo.

Wazee wanahimizwa kushiriki.

2.

Mimi ndiye niliyelisoma. Daniel Tarmo, mtendaji wa kijiji. Nililisoma mbele ya ghala la mahindi, kwa sauti, na kipengele (b) nikakirudia mara tatu. Kwa hiyo usije ukaniambia hatukuelewa. Watu mia mbili na kumi na wawili waliandika majina wakapewa namba za kifuani. Mama Boay, mama yake Natalia, mkimbiaji wetu, ana miaka sabini na mmoja. Namba yake aliishona kwenye sweta kwa uzi mweusi.

Nakueleza mapema, wewe unayesoma, ili ukifika kwenye fomu usituone wajinga. Ukituona wajinga nitaudhika.

3.

Yaliyosikika kwenye foleni ya namba:

— Natalia ana mingapi sasa?

— Ishirini na saba. Mwezi wa kumi na moja anafikisha nane.

— Basi ni safari hii.

— Ni safari hii tu.

— Na ile njia ya korongoni, watu wawili hawapishani.

— Ndiyo maana mimi nasema sisi wengine

(Afisa alikuwa anapita. Mazungumzo yakahamia kwenye mvua.)

4.

Natalia ndiye anayesema hapa.

Nimekimbia peke yangu tangu darasa la tano. Jumamosi ile filimbi ilipolia nilisikia vishindo vingi nyuma yangu, nikafurahi mno. Korongoni vikapungua. Nikadhani nimewaacha. Sikugeuka.

Halafu nikaanza kuwaona mbele.

Walikuwa wamekatiza mashambani. Wamejipanga kando ya njia, namba vifuani, madumu ya maji mikononi. Huku kwetu mgonjwa akibebwa kwenda zahanati, kila mtu anashuka pembeni mpaka apite. Bibi harusi vilevile. Sasa ilikuwa mimi.

Mama alisimama darajani. Akasema, "Njia yako hiyo, mwanangu. Hakuna wa kukuzuia."

Nilitaka kumwambia

Lakini nilikuwa kwenye mwendo.

5.

FOMU NA. 7: TAARIFA YA USHIRIKI

Waliojiandikisha: 212
Walioanza: 212
Waliomaliza: 1
Muda wa mshindi: dakika 33, sekunde 41
Maombi ya kambi: hayakukidhi kipengele (b)
Rufaa: ndani ya siku saba

6.

Mmoja.

7.

Naitwa Rehema Mkwizu. Ndimi afisa niliyeiandika hiyo namba.

Miaka kumi na minne niko kwenye kazi hii. Nimeletewa orodha za watu ambao hawajawahi kukimbia hata kufuata kuku, na nimezirudisha. Kwa hiyo siwezi kuandika kisichokuwepo. Mtendaji hakuniomba niongeze idadi. Aliuliza tu, "Mheshimiwa, kwani tungemsaidiaje zaidi ya vile?"

Niligeuza fomu nyuma na mbele. Haina mahali pa kuandika kwamba walikatiza njia, wakasimama kumpisha. Nikamwambia kuhusu siku saba, nikapanda gari, na njia nzima sikuwasha redio.

8.

Mkutano wa kijiji, Jumatano. Mama Boay amesimama.

— Mimi ndiye niliyesema tumpishe. Nilisema kwa mdomo wangu huu.



— Si wewe peke yako, mama.

— Ni mimi. Basi tukimbie.

— Afisa ameshaondoka.

— Njia ipo.

Mwalimu mkuu akasema ana saa ya mkononi inayoaminika. Hakuna aliyecheka.

9.

YAH: RUFAA YA KIJIJI CHA ENDAHARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Leo Jumamosi, siku ya saba, wakazi wamekimbia njia ileile kuanzia saa tatu asubuhi. Kipengele (b) kinasema siku hiyohiyo. Tunafahamu. Tunaomba isomwe hivyohivyo. Majina yameambatanishwa.

Waliomaliza:

10.

Natalia.

Niliamka nikavaa namba yangu, lakini sikutangulia. Nilikaa darajani na dumu, nikawanywesha mmoja mmoja. Walipita wanene, wenye gauti, mwalimu, katekista akiwa amevua viatu. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliona nyuso za watu wanaokimbia nyuma yangu.

Mama akaja wa mwisho, anatembea, mkono kiunoni.

Nikamwambia, "Njia yako hiyo, mama. Hakuna wa kukuzuia."

Hakunywa. Akalichukua dumu, akaliweka chini.

"Nizuie," akasema. "Nishike hapa kwapani. Twende wote."

11.

Mimi tena, Tarmo. Saa nane kasoro robo. Ofisi ya wilaya, inayopokea rufaa hata Jumamosi, inafunga saa tisa na nusu, na kwenda huko ni saa moja na dakika arobaini. Mwenye pikipiki amewasha. Mezani kwangu majina mia mbili na kumi yana alama. Yanatosha na kubaki, kila mtu ananiambia hivyo, na hesabu yao ni sahihi.

— Funga bahasha, mtendaji.

— Subiri kidogo.

— Unawasubiri hao wawili kwa nini? Huyo Natalia ndiye tunayemhangaikia.

— Najua.

Kalamu iko mkononi, tarakimu ya mwisho sijaiandika. Kule kwenye kona ya shule naona namba mbili zinakuja, moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Zinakuja kwa mwendo wa yule mwenye mguu mzito.

Waliomaliza: 21