Isale la Nyuma ya Migomba

Isale la mpakani haling'olewi. Umeruni, ambako mmea huo wa majani marefu ndio alama ya mwisho wa shamba, hata mtoto anayejifunza kutembea huchapwa mkono akilivuta. Ndiyo maana Elinipa, alipotakiwa achore isale zima na mizizi yake, hakusogelea mpaka.

Aliyemtaka alikuwa mama Silantoi, mtaalamu wa mimea wa Kijenge, mjini, aliyekuwa akitengeneza kitabu cha mimea ya Mlima Meru. Picha zote za kitabu alimwachia Elinipa. "Usinichoree majani matupu," alimwambia. "Mmea bila mizizi ni mtu bila ukoo."

Basi Jumapili moja Elinipa akaingia kwenye shamba la kahawa la baba yake mkubwa, mzee Sumari. Nyuma ya migomba palikuwa na isale limesimama peke yake, halipakani na shamba la mtu. Akajiambia, hili halina kazi. Wenyewe walikuwa ibadani. Akachimba taratibu, kwa panga kisha kwa vidole, na mizizi ikatoka na rangi ya chungwa lililoiva. Akalilaza juu ya gunia, akachora hata akasahau jua.

Mzee Sumari alimkuta hapo, Biblia kwapani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Mzee yule huitikia hata shikamoo ya mlevi. Siku hiyo hakuitikia.

"Nani kakutuma?"

"Nachora tu, baba. Nilidhani hili…"

"Ulidhani! Mkono umejua kuchora, mdomo umeshindwa kuuliza?"

Mkewe, mama mkubwa Eunike, alikuwa nyuma yake. Aliliona shimo. Hakupiga kelele. Alitandua kanga yake ya mabegani, akalifunika lile shimo, akaingia ndani na kufunga mlango. Elinipa akainama ili alirudishe isale mahali pake.

"Acha," mzee akasema. "Mwenye kulipanda ni mama wa aliyelala hapo."

Nyumbani ndipo mama yake, Rachel, alipomweleza. "Mtoto wao wa kwanza yuko pale. Alikufa hajabatizwa, babu yako akasema msalaba ni wa waliobatizwa. Eunike akampandia isale."

"Mbona hamkuniambia, mama?"

"Msiba kama ule unauanzia wapi, mwanangu? Mwenyewe hajawahi kuutaja." Kisha Rachel akasema, "Funga jani la isale, umpelekee. Anayeletewa isale hakatai kusamehe. Ila anaweza asitoke nje kuliona, na asipotoka, nyumba hizi mbili hazitazikana tena."

Kulipokucha Elinipa akachuma jani kwenye mpaka wao, akalifunga fundo, akaenda kukaa mbele ya mlango wa mama mkubwa. Lile isale lilikuwa bado juu ya gunia. Majani yalishaanza kulegea. Akalifunika mizizi kwa maganda ya migomba aliyoyalowesha, akarudi kukaa. Mzee Sumari alipita na ndoo ya maziwa.

"Bado upo? Basi jichore na wewe, tukuone ulivyokaa."

Elinipa akabaki pale pale. Umande ukakauka. Kuku wakamzoea, mmoja akaja kulala kwenye kivuli chake. Kila maganda yalipokauka aliyalowesha tena.

Mlango ulipofunguka, alishika jani kwa mikono miwili. Mama mkubwa alilitazama, hakulipokea.

"Nionyeshe ulichochora."

Elinipa akatoa karatasi. Eunike akaishika mbali na macho, kama watu wazima wanavyosoma, na kidole chake kikafuata mzizi mmoja mpaka ncha yake.

"Kumbe imeshuka mpaka huku," akasema. Kisha akaongeza: "Alikuwa wa kiume. Sina hata picha yake."

"Chukua hii, mama."

"Na kitabu cha mama wa Kijenge?"

Elinipa aliwaza zile siku alizongoja kazi ya namna hii. "Kitatoka bila isale," akasema. "Nitamweleza."

Mama mkubwa akaikunja karatasi, akaichomeka kifuani. Ndipo akalipokea lile jani. Mzee Sumari, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya banda, akavua kofia.

Walikwenda wote watatu nyuma ya migomba. Eunike akaondoa kanga kwenye shimo, akapiga magoti.

"Wewe lishike shina, lisiinamie upande," akamwambia Elinipa. "Zamani nilishika mwenyewe, likapinda."

Elinipa akashika. Mama mkubwa akafukia kwa viganja, pole pole, na mara hii mumewe akapiga magoti kumsaidia.