Aliyekimbia kwenye "Ngazi za Nyuma"

Siku ya tatu ya kurekodi niliingia studio nikahesabu viti: vitatu. Nikahesabu tena, maana uzee nao una mambo yake. Vitatu. Kimoja cha Kimya nyuma ya ngoma zake, kimoja changu na besi yangu, kimoja cha Mkurugenzi mbele ya kinanda chake. Kiti cha mdogo wangu, kilichokuwa kinamsubiri tangu juzi, hakikuwepo, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipoharibika.

"Mkurugenzi," nikasema, "mdogo wangu atakaa wapi? Kichwani kwako?"

Akajifanya anatafuta waya. Huyu bwana si mkurugenzi wa kitu chochote. Jina tulimpa sisi, ujanani, siku alipokuja mazoezini na mkoba wa ngozi, tukaufungua kwa siri tukakuta ndani mna chanuo tu. Lakini jina lilimwingia. Mpaka leo anaongea kama anafunga kikao.

"Bibi Besi, hayo tuliyamaliza," akasema. "Sehemu za tarumbeta nitazipiga mimi mwenyewe. Siku hizi kinanda kinatoa sauti zote. Hata wewe hutajua tofauti."

Thubutu! Nisijue tofauti, mimi? Tarumbeta ya mdogo wangu niliisikia kabla hajajua kuipuliza, ilipokuwa inalia kama mbuzi mgonjwa kule bafuni, maana mama alimpiga marufuku sebuleni. Nikamkata jicho Mkurugenzi. Kimya, ambaye jina lake linajieleza, akaanza kukaza nati ya ngoma iliyokuwa imeshakazwa.

Niwaeleze vizuri, msije mkadhani ni bibi kizee anayegomba bure. Tulikuwa wanne. Muziki wetu ulikuwa jazi, lakini jazi tuliyoichanganya na vyombo vya umeme na midundo ya dansi, mpaka wapenzi wa jazi wakasema tunaiharibu, na wapenzi wa dansi wakasema hatuchezeki. Na tulikuwa na sheria moja. Anayekimbiza mwendo wa wimbo, yaani anayepiga upesi kuliko wenzake, anaonywa mara mbili. Mara ya tatu tunasimama, kila mtu na chombo chake mkononi, tunapiga kura ya kunyoosha mikono: atoke au abaki.

Sasa, kulikuwa na wimbo wetu mmoja, "Ngazi za Nyuma". Kila tulipoupiga, ulikimbia pale katikati tarumbeta inapoingia. Kila mara, bila kukosa. Sote tuliisikia tarumbeta ikiingia mbio mbio, ikitukokota. Mdogo wangu akaonywa, akaonywa tena, na mara ya tatu mikono ikanyooka. Wangu ulikuwa wa mwisho. Hakuna dada anayefurahia kumnyooshea mkono ndugu wa tumbo moja, lakini sheria ni sheria, na mimi sikutaka kuambiwa nambeba mdogo wangu.

Akaifungia tarumbeta kwenye boksi lake, akaondoka bila kuaga. "Ngazi za Nyuma" tukaachana nao, hakuna aliyekuwa na hamu, na mwaka haukuisha bendi nayo ikafa. Miaka thelathini na mmoja sasa. Mdogo wangu hajapuliza tena. Anachonga funguo kwenye kibanda cha bati nyuma ya posta. Tukikutana msibani ni "Dada, hujambo," "Sijambo, mdogo wangu," na mazungumzo yameishia hapo. Kwa hiyo Mkurugenzi aliponipigia simu kwamba kuna watu wanataka albamu yetu, wazee turudiane kabla hatujaisha, nilimpa sharti moja tu: mdogo wangu arudi kwenye nafasi yake. Akanijibu, "Tutaona." Na mimi, mjinga wa mwisho, nikaipokea "tutaona" kama ndiyo.

Studio yenyewe zamani ilikuwa ghala la magodoro, na kuta zake bado zimevishwa magodoro. Nyuma ya kioo alikaa binti wa mitambo, mtoto mwenye adabu zake, anatuita "wazee wangu". Alitupa spika za masikioni zenye kidude kinachogonga tik, tik, tik, ili sote tufuate mwendo mmoja. Enzi zetu hakikuwepo. Tulikuwa tunarekodi chumba kimoja, maikrofoni mbili, sauti ya huyu imelowana na ya yule, huwezi kuzitenganisha hata kwa kisu.

Tukaanza "Ngazi za Nyuma". Ile tarumbeta yake ya uongo Mkurugenzi alisema ataiweka baadaye, kwa hiyo pale katikati palikuwa patupu. Tukafika pale. Wimbo ukakimbia.

"Samahani, wazee wangu," binti akasema kwenye spika. "Kuna mtu anakiacha kidude."

Mkurugenzi akacheka. "Huo ni ugonjwa aliotuachia yule bwana. Tumezoea kumfuata mbio, mpaka leo miguu inakwenda yenyewe."

Yule bwana! Mtu aliyekula naye sahani moja kwa miaka minane leo amekuwa "yule bwana". Damu ikanichemka, ila nikameza, tukarudia. Ukakimbia. Tukarudia tena. Ukakimbia palepale.

"Ngojeni niwasikilize mmoja mmoja," binti akasema. Masikini, hakujua anashika nini. Kwake ilikuwa kazi tu.

Akazima vyombo vingine vyote akaacha besi yangu na kile kidude. Tik, tik, tik. Niko juu yake, naenda naye, kisha pale katikati nasikika navutwa. Akaacha ngoma peke yake. Kimya naye yuko sawa, kisha anavutwa, anajaribu kukaza kamba, inamshinda. Akaacha kinanda. Mkono wa kulia unakwenda vizuri. Mkono wa kushoto, ule unaopiga zile sauti nzito za chini ambazo hakuna anayezitilia maanani, ukaanza kutangulia. Mapigo kumi na sita kabla ya mahali pa tarumbeta, taratibu, kwa siri, mkono wa kushoto wa Mkurugenzi ulikuwa unatoroka.

Binti akarudisha nyuma, akapiga tena. Ukatoroka tena.

Nikavua spika masikioni. Mdogo wangu alikuwa anaingia kwenye wimbo ambao tayari umeshakimbizwa, na kwa kuwa tarumbeta ndiyo inayopiga kelele kuliko vyombo vyote, tukamsikia yeye. Mwizi alishapita, tukamkamata aliyekuja nyuma.

"Mashine yako mbovu," Mkurugenzi akasema.

"Shikamoo mashine mbovu!" nikasema. "Miaka thelathini na mmoja!"

"Bibi Besi, tusikuze mambo. Binti, hapo unaweza kupanyoosha kwenye kompyuta, si ndiyo? Panyooshe tu. Tuendelee."

Panyooshe tu! Macho makavu, hata jasho hana! Nikamgeukia Kimya, kwa sababu mpiga ngoma ndiye mwenye mwendo, na kama kuna mtu duniani alipaswa kujua ni yeye. "Na wewe? Ulikuwa hujui?"

Akaweka vijiti juu ya ngoma. "Nilihisi," akasema.

"Ukahisi! Ukahisi halafu ukanyoosha mkono! Nyie watu mna roho za namna gani? Mmemtoa mtoto wa watu kafara, kijana ana miaka ishirini na nane, hajui kitu kingine maishani isipokuwa lile dude lake la shaba, leo anachonga funguo za makabati! Na huyu anataka kuipiga tarumbeta yake kwa vidole!"

Nikatoa simu, nikampigia mdogo wangu, nikafungua sauti kubwa ili wote wasikie. Ikaita sana. Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na mashine ya kuchonga funguo ikikwaruza.

"Dada? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Niko studio na wenzangu. Sikiliza. Hukukimbia wewe. Kwenye 'Ngazi za Nyuma', alikuwa ni huyu hapa, mkono wake wa kushoto. Tumeusikia sasa hivi."

Mashine ikazimwa.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku hizo. Alikuwa anatangulia. Ningemwacha, wimbo ungepasuka vipande viwili mbele ya watu. Nikawa namfuata."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema, dada. Siku ile ya mikono nilisema, mkono wa kushoto. Nikakuangalia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unasimama pembeni ya huo mkono."

Nikamsogezea simu Mkurugenzi mpaka puani. "Mwombe msamaha. Sasa hivi, kwa mdomo wako."

Mkurugenzi akaitazama simu. Akalamba midomo. "Habari za kazi, bwana," akasema. "Makufuli yanakwenda?"

Makufuli yanakwenda! Hapo ndipo nilipopanda juu kabisa. Nikasema hapana, leo sheria yetu itafanya kazi yake. Nikasimama na besi yangu shingoni, kama zamani. "Umekimbia mara tatu leo, shahidi ni mashine. Mikono! Anayetaka huyu atoke, na tarumbeta yake ya uongo, anyooshe!"

Nikanyoosha wangu hadi bega likalia. Kimya akanitazama, akamtazama Mkurugenzi, kisha polepole akanyoosha wake. Nyuma ya kioo binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Dada," mdogo wangu akaita kwenye simu. "Mmenyoosha?"

"Tumenyoosha. Anatoka. Njoo ukae kwenye kiti chake, hata kesho, hata ukipuliza vibaya, njoo tu."

"Nani ameanza kunyoosha?"

Nimewaambia kwamba siku ile mkono wangu ulikuwa wa mwisho. Ndivyo nilivyomwambia mama mpaka akafa, ndivyo nilivyowaambia wanangu.

"Mimi," nikasema.

"Kama siku ile," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ningempa chochote anitukane. "Haya dada, nina mteja hapa."

Mashine ya kuchonga funguo ikawaka tena, halafu simu ikakatika. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu.