Mastiki kwa Miyenzi Isiyotulia

Jumanne saa tatu asubuhi Jovina alikuwa dukani kwa Radjabu, mjini Gitega, akibonyeza mastiki kwa ukucha. Duka linauza misumari, mabomba na rangi. Rafu ya chini kabisa ni kama ya Jovina peke yake, maana hakuna mwingine mjini anayenunua mastiki ya epoksi ili afinyange watu. Kazi yake ni wapiga ngoma wa urefu wa kidole gumba. Wageni wanaotoka kutazama ngoma upande wa Giheta huwanunua wawili wawili, kama viatu.

"Dada Jovina, leo unatengeneza nini?" Radjabu akauliza.

"Miyenzi. Nataka mastiki itakayoizuia kutembea."

Radjabu hakushangaa. Mteja akitaka bomba lisilovuja, humuulizi anachukia maji kwa nini.

Miyenzi ni vichaka vya utomvu mweupe ambavyo watu hupanda kutenganisha shamba na shamba. Longino, baba yake Jovina, alipanda yake Gashoho, upande wa Muyinga, kabla ya kukimbilia Tanzania na Jovina mgongoni. Alifia hukohuko. Jovina aliporudi aliikuta miyenzi ipo, imepogolewa vizuri, ila imehamia hatua ishirini ndani ya shamba la baba yake. Baba yake mdogo, Nazario, aliyebaki, ndiye aliyeing'oa na kuipanda upya. Alimpokea Jovina kwa ndizi na maharage. Ndizi zenyewe zilitoka kwenye hizo hatua ishirini.

Kesi ya mpaka ilikuwa Ijumaa. Mpatanishi aliyepewa kuisikiliza alikuwa na magoti mabovu na hapandi mlima, kwa hiyo aliagiza aletewe maketi, yaani mfano mdogo wa shamba unaotosha mezani, na mpaka uonyeshwe pale ulipo leo. Maketi isipotulia haipokelewi, na isipopokelewa, Nazario anapanda maharage yake Jumatatu. Jovina alikuwa ameshaifinyanga mara mbili. Mara zote mbili, alipoamka, miyenzi ilikuwa imerudi pale alipoipanda Longino, imeacha mashimo nyuma yake kama ufizi uliong'olewa meno.

Radjabu akapanga bidhaa juu ya meza.

"Hii ya kijivu ni ya mafundi bomba. Dakika tano, iko jiwe. Hii ya kijani, ya rangi mbili, inakupa saa nzima na zaidi, mi najua we unaipenda kwa nyuso. Katikati pale rangi zinagusana unakata unatupa, imeshakauka. Na hii nyeupe ya makopo mawili iko nzito, ya vitu vikubwa. Ikikauka unaipiga tupa."

"Ipi haina miguu?"

"Zote hazina, dada. Vichaka vyako ndiyo viko na miguu."

Akachukua zote tatu. Nyumbani akalowesha vidole, akakanda sawa kwa sawa, akapanda miyenzi pale ilipo leo. Ya kijivu ilitembea dakika ya nne, na ya tano ikakaukia kwenye mstari wa Longino. Ya kijani ilikwenda polepole, ikapumzika penye kijito, ikafika. Nyeupe haikusogea. Mlima ndio ulioteleza chini yake mpaka mstari ukawa sawa.

"Basi," Jovina akaiambia maketi. "Twende hivyohivyo."

Ijumaa, mbele ya watu, mpatanishi aliirudisha miyenzi pale ilipo leo kwa ncha ya kalamu. Ikatembea tena. Nazario akasogeza kikombe chake ili ipite.

"Maketi imetembea," mpatanishi akasema. "Karatasi haijatembea."

Karatasi ya kesi ilisema Nazario amelima pale zaidi ya miaka thelathini. Shamba likabaki kwake. Chai ikaongezwa.

"Usinune, mwanangu," Nazario akamwambia. "Maharage yakiiva nitakuletea."

"Nitakuja mwenyewe, baba mdogo. Sitakuja peke yangu."

Jumamosi alikuwa tena kwa Radjabu.

"Kubwa kiasi gani?"

"Kama baba."

"Hiyo iko inataka mifupa. Ukiijaza mastiki tupu, duka litaisha na yeye atapasuka."

Jovina akafinyanga mifupa kwa nondo na waya, tumbo kwa makopo ya rangi, nyama kwa mastiki nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri mwenzake likauke. Uso akaufanya kwa ya kijani. Alipofika sikio la kushoto ya kijani ikaisha, na Longino, ambaye hakuwahi kuwa mtu wa kusubiri, akashuka mezani akaenda Muyinga kwa miguu.

Alifika Gashoho Alhamisi akasimama kwenye mstari wake wa zamani. Nazario alikuwa anapalilia.

"Amahoro, kaka. Tanzania hawajambo?"

Longino hakujibu, kwa kuwa Nazario alisemea upande usio na sikio. Nazario akapanda maharage mengine kumzunguka, akiacha nafasi ya miguu. Kufikia Jumapili alikuwa anaanika mashati kwenye mikono ya kaka yake. Mpatanishi aliletewa habari akaandika: "Kuna mtu amesimama shambani. Hazuii kilimo."

Jovina akapanda Gashoho kumwekea sikio lililobaki. Alilibandika akiwa kati ya mashati mawili mabichi, akalilainisha kwa kidole chenye maji, akamweleza kesi ilivyokwenda. Kisha akamuuliza babu alikuwa na urefu gani. Longino akainua mkono uliokuwa na shati na kuonyesha.

"Na bibi?"

Akaonyesha tena.

Nazario, akiwa ng'ambo ya maharage, alisikia. "Huyo atakayefuata," akasema, "mnyooshee mikono zaidi. Mashati ya huyu yanabanana."

Jovina akarudi Gitega, akachukua makopo kumi ya nyeupe, akamfinyanga babu mikono ikiwa mfukoni.