Ukuta Wenye Joto

Jumamosi ya pili ya Julai mwaka wa 2003, saa nne kasorobo asubuhi, Daktari Lorine Adero alichora kisanduku cha nne ubaoni, kando ya vile vya nguvu, udhaifu na fursa, akaandika ndani yake "Vitisho", akapangusa chaki mikononi, kisha akawaomba wanafunzi wake wa shahada ya uzamili wainue mikoba. Walikuwa kumi na wanane. Wakainua mikoba, wakavuta viti pembeni, na waliokuwa na chai wakashika vikombe vyao. Nyumbu wakaanza kuingia.

Waliingia kupitia ukuta wa ubao, wakapita katikati ya darasa vichwa vimeinama, ndevu zinaning'inia, wakatokea kupitia ukuta wa nyuma. Plasta haikupasuka na ubao haukuanguka. Kila mwaka mvua ikiisha na nyasi zikikauka kwenye nyanda za Kaputiei, wanyama hawa hurudi katika mbuga ya Nairobi, na njia yao ilipita hapo tangu Kitengela haijawa mji. Chuo kilipokodi vyumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hakuna aliyewaarifu nyumbu, nao hawakuuliza. Kupita kwao kulichukua dakika ishirini. Bwana Musila, meneja wa tawi, alikuwa ameshaziweka dakika hizo kwenye ratiba za Jumamosi zote za Julai, kati ya kipindi cha kwanza na mapumziko. Kilichomuudhi ni kinyesi tu, akabandika ilani mlangoni kuhusu usafi.

Adero alisubiri huku mgongo wake umeegemea ubao. Hakuwa na haraka. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ofisa mipango katika kiwanda kimoja cha sukari huko magharibi, akaandika mipango mkakati sita yenye jalada gumu, na yote sita ikafungiwa kabatini mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa. Alistaafishwa akiwa na miaka hamsini na moja, akapanga nyumba ya vyumba viwili Kitengela karibu na dada yake, akakaa mwaka mzima akidhani kazi yake duniani imekwisha. Halafu chuo kikampigia simu. Somo la usimamizi wa kimkakati na sera za biashara lilikuwa halina mwalimu. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kabla ya kushika chaki, alimshukuru Mungu kimoyomoyo, na alimaanisha kila neno. Ombi lake lilikuwa moja tu: kabla hajafa, aone mpango mmoja, hata kama si wake, unatoka kwenye karatasi na kutekelezwa.

Nyumbu wa mwisho alipotoka, mwanafunzi mmoja, Soila, alirudi kutoka dirishani na daftari lake.

"Wameingia humu darasani mia mbili na kumi na wawili, Mwalimu," alisema. "Wametoka mia mbili na wanane."

"Wanne wameenda wapi?" aliuliza Adero.

"Wako kwa ukuta wa nyuma. Last week nilihesabu huo wa ubao, pia ilikuwa wanne. Kila ukuta unabaki na wanne."

Adero aligeuka akaweka kiganja kwenye ukuta wa ubao. Ulikuwa na joto. Hilo wote walilijua. Baridi ya Kitengela mwezi wa saba si mchezo, upepo unatoka Athi na kuingia mpaka kwenye mifupa, na wanafunzi walikuwa wakiamka mapema kugombania viti vya nyuma ili waegemee. Walijua ukuta una joto. Hawakuwa wamehesabu.

Soila alikuwa karani katika ofisi ya mifugo Kajiado, mtu wa kwanza kwao kuvuka darasa la nane. Shamba la marehemu baba yake lilikuwa mbele kidogo ya chuo, kati ya barabara ya Namanga na mbuga, na ndilo lililokuwa limebaki wazi kwenye njia ile. Kaka yake alitaka kuliuza. Mama yake hakutaka. Na mama huyu, asiyejua kusoma hata jina lake, alimpeleka Soila shule kwa sababu moja aliyoisema wazi: apatikane mtu wao wa kuandika karatasi zinazosikizwa na wakubwa Kajiado, kwa sababu za wenye kununua zilikuwa zinasikizwa siku zote. Bodi ya ardhi ingeketi Novemba. Soila alikuwa na muda mpaka wakati huo.

"Basi huo ndio mradi wako," Adero alimwambia. "Andika mpango mkakati wa shamba hilo. Ukanda usio na ukuta wala uzio, ng'ombe wapite, nyumbu wapite. Uandike vizuri mpaka bodi ikose la kusema."

Sasa, Adero alikuwa na desturi yake ya ufundishaji, na aliipenda sana. Miradi ilifanywa na watu wawili wawili, na hakuwaoanisha marafiki. Alimweka mwenye ndoto na mwenye mali, ili mmoja amfundishe mwenzake kuota na mwingine amfundishe mwenzake kuhesabu. Akamweka Soila na Bedan Ngigi.

Na Bedan, jamani, alikuwa mtu mzuri. Duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa mbele lilikuwa lake. Ndiye aliyewaletea wenzake mandazi, ndiye aliyewachapishia kazi zao kwenye mashine ya duka lake bila kuomba shukrani, na kikao kikichelewa alimsindikiza Soila mpaka stendi na kungoja naye basi la Kajiado. Alimwita dada, na hakuwa akiigiza.

Miezi mitatu walifanya kazi. Soila alitembea njia nzima kwa miguu, akapima upana wake, akaandika miezi ya kwenda na miezi ya kurudi, akapiga hesabu ya wangapi wangepotea kwa kila ukuta utakaojengwa. Bedan alichora ramani, safi kabisa, kwa kalamu za rangi. Adero alisoma rasimu ya kwanza jikoni kwake, akajikuta analia. Hakuwahi kuona mpango wa namna hiyo. Kila kitu kilikuwa na tarehe na mtu wa kukifanya.

Siku ya kuwasilisha, Soila alisimama kwanza. Alizungumza dakika kumi na tano bila kuangalia karatasi, na alipomaliza darasa likapiga makofi mpaka Bwana Musila akachungulia. Kisha Bedan akasimama, akafungua karatasi ya manila yenye visanduku vinne.

"Mimi niko na kitu kidogo tu," alisema. "Hii maneno ya kuta, Soila alikuwa ameiweka kwa vitisho. Nimeitoa huko nikaiweka kwa fursa. Sijabadilisha hata neno moja. Kila ukuta, nyumbu wanne. Wanne wakiingia, ukuta unapata joto. Nani hapa Kitengela hataki nyumba yenye joto July?"

Watu wawili watatu wakacheka kwa kuvutiwa, kwa sababu jambo lilikuwa kweli.

"Wewe mwenyewe ulitufundisha, Mwalimu," Bedan aliendelea, na macho yake yalikuwa yamejaa heshima. "Ulisema tishio halina kwao. Inategemea nani ameshika kalamu."

Alikuwa amesema hivyo. Alikuwa akisema hivyo kila muhula, kama utani, baada ya kuchora kisanduku cha nne. Adero alichukua mwongozo wa kusahihisha, akaupitia mstari kwa mstari. Uchambuzi wa mazingira, upo. Faida ambayo washindani hawawezi kuiiga, ipo. Ratiba ya utekelezaji, ipo. Sera ya somo ilikuwa kwamba kundi hupata alama moja na kazi huwa mali ya wote wawili. Sera hiyo aliiandika yeye. Akawapa A.

Soila alikaa akiangalia karatasi ya manila. "Lakini Bedan, hiyo si plan yetu," alisema.

"Ni ileile, dada. Angalia. Namba ni zako zote."

Mwezi wa Novemba bodi iliketi Kajiado, kwenye ukumbi wa mabati karibu na soko la mifugo. Mama yake Soila alivaa shanga zake zote, akakaa mstari wa mbele. Kaka alikuwa amekwisha kutia sahihi ya kumuuzia Bedan shamba. Mkono wa mama ulikuwa haujaombwa bado, na bila ridhaa ya familia bodi isingeweza kuendelea. Bedan akatoa mpango. Mwenyekiti akausoma kwa Kiingereza, ambacho mama hakukijua, na jalada lilipoinuliwa juu, jina la binti lilikuwa pale kwa herufi kubwa, mbele ya jina la Bedan. Mwenyekiti alilitamka mara mbili. Mama alilisikia jina la mtoto wake likitamkwa na wakubwa wa Kajiado, kwenye karatasi, na ukumbi mzima umenyamaza kulisikiliza. Alisimama.

"Ashe oleng," aliwaambia. Alishukuru mara tatu, kwa mikono miwili.

Karani akaandika kwamba familia imeridhia na imeshukuru. Soila alikuwa nyuma, karibu na mlango. Kabla hajafika mbele, muhuri ulikuwa umepigwa.

Bedan alitekeleza mpango ule kama ulivyoandikwa. Hakuruka hata hatua moja, na hakuchelewa hata kwa wiki. Nyumba zilijengwa safu sita, zimekingama njia ya nyumbu kwa vipimo vya Soila, na kwenye bango la langoni kuliandikwa "Nyumba Zisizojua Baridi". Zilijaa kabla rangi haijakauka. Walimu, makarani, watu wa benki, familia za kutoka Kakamega na Murang'a, wote watu wema wenye watoto wenye mafua. Barabara ya katikati Bedan aliipa jina la Daktari Adero. Akamleta yeye mwenyewe kukata utepe, akasema mbele ya watu kwamba kama si mwalimu huyu yeye angekufa akiuza misumari. Kisha akampa nyumba ya kupanga katika safu ya mwisho, iliyo nzuri kuliko zote, jikoni kukiangalia mbuga.

Adero alihamia. Angekataa vipi? Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

Julai ya 2006, Soila alikuja kumtembelea, amemleta mama yake. Wakati huo Soila alikuwa akimsaidia Adero kufundisha darasa la Jumamosi. Saa nne kasorobo walisogeza meza, wakainua jiko la gesi, wakamwinua na mama taratibu. Nyumbu wakaingia kupitia ukuta wa sinki. Mbavu zao zilihesabika.

"Thelathini na mmoja," alisema Soila.

Wakatokea upande wa pili. Soila alisimama dirishani, akaandika.

"Ishirini na saba."

Walirudisha meza mahali pake, Adero akamimina chai. Alikuwa na neno alilolibeba miaka mitatu, akaona bora aliseme.

"Soila, nisamehe. Mimi ndiye niliwaweka kundi moja."

"Mwalimu, wacha." Soila alikoroga chai yake muda mrefu. "Darasa letu tuliandika plan tisa. Zile nane ziko kwa shelf ya Musila. Yangu ndiyo ilifanyika. Wewe ulinifundisha kuandika kitu kinafanyika. Asante, na sikutanii."

Adero alijua hatanii. Lile ombi lake lilikuwa limejibiwa, na alikuwa amelishukuru, na hata sasa hakuona la kufanya zaidi ya kushukuru. Nje upepo wa Athi ulikuwa ukipiga mabati.

Mama alikuwa amevuta kigoda chake mpaka ukutani. Alivua shuka, akaegemeza mgongo, kisha akageuka akaweka shavu na kiganja kwenye plasta. Ndani, kitu kilibadilisha mguu, kikatulia.

"Ashe oleng," mama aliuambia ukuta, polepole, na safari hii alijua anamshukuru nani.

Kulikuwa na baridi kweli asubuhi ile. Adero alibeba kikombe chake, akasogeza kiti, akaegemea pembeni yake.