Saa Mbili na Dakika Hamsini

...arobaini na moja na nusu, hapana, arobaini na mbili, mguu huu huu wa mwalimu nimeupima mara tatu na kila mara unatoka na urefu mwingine, utafikiri mwalimu anarefuka nami nimepiga magoti hapa, pini sita mdomoni, na saa ya ukutani inasema saba na ishirini, ndege iliondoka saa nne kamili, shemeji anayemsindikiza mke wangu aliandika, "Tunaruka sasa, kunywa maji utulie," tano, sita, saba, zimepita saa tatu na dakika ishirini, na simu imelala kifudifudi mezani juu ya mabaki ya vitambaa, haitikisiki... daktari aliniuliza mimi, "Moyo wa mkeo unavumilia saa tatu hewani, mzee, zaidi ya hapo sitii saini, huko kwenye upasuaji ni mwendo wa saa ngapi?" nami na kiherehere changu nikasema kesho nakuletea jibu, nikaingia mtandaoni, nikaandika uwanja wa kuondokea, nikaandika wa kutua, ukachorwa mstari mwekundu umenyooka kama mkunjo wa suruali ya bwana harusi, kilomita elfu mbili mia moja na kumi, saa mbili na dakika hamsini, nikacheza peke yangu kati ya cherehani, mama watoto akasema, "Dakika kumi tu za akiba, na unacheza hivyo?"... "Fundi, umelala huko chini?" ni mwalimu, natikisa kichwa, "Maana leo hunitanii hata kidogo, au nimenenepa hadi umenionea huruma?"... mstari umenyooka lakini ndege hainyooki, inapanga foleni kabla ya kuondoka, inakwepa mawingu, inazunguka juu ya mji kungoja nafasi ya kutua, na mimi miaka ishirini na sita nakata nguo, hakuna fundi anayekata kitambaa kwa kipimo cha mwili, lazima uache cha kushonea, uache cha kupumulia, hata yule jirani yangu anayeshona mapazia yaliyopinda anajua, na ile namba ilikuwa mwili mtupu, nikampelekea daktari kama nguo iliyokwisha kupigwa pasi, naye akaiandika kwenye fomu, akagonga muhuri... na nilijua, chini ya namba palikuwa na maandishi madogo, muda halisi unaweza kuzidi, niliyasoma, nikafunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafuni na kumkuta mkwewe, kwa sababu nafasi ya upasuaji tuliingoja miezi minane, na mimi nilitaka namba, sikutaka ukweli, asubuhi mlangoni aliniuliza, "Una hakika, baba watoto?" nikamwambia wakichelewa mpige kofi rubani, akacheka, akashika kifua, na mimi nikabeba sanduku nisimtazame... "Fundi, mguu unaingia ganzi," saba na ishirini na tatu, simu kimya, natema pini moja moja, nazichomeka kwenye mkono wa shati, mdomo mtupu, wala sitafuti kichekesho, kwa mara ya kwanza sitafuti, nasema, mwalimu, nilimdanganya daktari, mke wangu yuko hewani na nilimdanganya daktari, na mwalimu anaanza kucheka polepole, mguu mmoja mbele, anasubiri niendelee.